Mtumba wa Japani, mtumba wa Ulaya au kipya cha China? Ulinganisho wa fundi kabla hujalipa

Wengi wanaonifuata kabla ya kuagiza gari au mashine huja na swali moja: "Fundi, za wapi ndizo nzuri?" Wanategemea nitaje nchi. Nchi huwa naitaja, lakini mwishoni. Kwanza nauliza chombo kitakunywa mafuta gani, kitabeba mzigo gani, na siku kikilala nani atakifungua na atapata wapi spea za kukifunga tena. Majibu ya hayo matatu hugeuza ushauri wangu kabisa. Kiwanda kilekile kinaweza kutoa mashine ya kudumu miaka mingi na nyingine ya kusukuma msimu mmoja tu, kwa sababu kila mwagizaji alikwenda na bei yake akatengenezewa kulingana na bei hiyo.

Ninaandika nikimfikiria mtu mwenye akiba moja, ambaye akinunua vibaya hana ya pili.

Gari la mtumba: Japani au Ulaya

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na zaidi ya nusu yalikwenda Afrika. Katika wingi huo mna gari lililotunzwa na mwenye kulipenda, na mna gari ambalo kule lilikotoka lisingepita tena ukaguzi.

Sifa ya mtumba wa Japani imejengwa na ukaguzi huo. Gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na gharama za kulipitisha huwafanya wenyewe waliuze lingali zima. Likipita mnadani hupewa karatasi. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi utaona herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokandikwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji akikuambia karatasi imepotea, endelea kutafuta kwingine.

Ila kilomita chache zisikulaze. Gari la mjini lililokuwa likiwashwa, likafika dukani, likazimwa kabla injini haijapata joto, hukusanya maji na petroli mbichi ndani ya oili, na oili inageuka tope. Fungua kifuniko cha kujazia oili umulike kwa tochi. Chuma cha ndani kikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, oili ilibadilishwa kwa wakati. Ukikuta utando mweusi unaokwanguka kwa ukucha, ujue vijitundu vya kupitishia oili huko ndani vina utando huohuo, na injini itaanza kugonga juu kwenye valvu au kula oili muda mfupi baada ya wewe kuanza kuitumia kwa nguvu. Mulika na chini ya gari. Magari ya kaskazini, Hokkaido hasa, hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyushia theluji, na bodi inaweza kung'aa juu huku mabomba ya breki yameliwa.

Jambo la pili ni giaboksi. Magari mengi ya Japani ya miaka ya karibuni yana CVT, ambayo ndani yake mna mkanda wa chuma na puli badala ya ngazi za gia. Ikipewa oili yake maalumu inakaa. Ikimiminiwa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, unakwangua puli, na mara nyingi kinachofuata ni kununua giaboksi nyingine. Kabla ya kununua, liendeshe likiwa limepata moto, panda nalo mlima taratibu, sikiliza kama linavuma na kusita.

Sasa Ulaya. Niseme wazi kwamba kwa uimara wa bodi, breki na jinsi gari linavyoshika barabara kwenye mwendo mkubwa, magari mengi ya Ulaya ya daraja la kati yanayapita ya Japani ya bei hiyohiyo. Ukikaa ndani unalisikia hilo. Tatizo linaanzia kwenye dizeli zake za kisasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza hela nyingi zaidi.

Nozeli, yaani kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, kwenye injini ya zamani hufunguka kwa shinikizo la takriban bar 200. Mfumo wa kisasa, ambao nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo la kudumu, hufanya kazi kwa bar 1,600 hadi 2,000 na zaidi. Ili shinikizo hilo lisivuje, nafasi kati ya sindano ya nozeli na ala yake ni ya maikromita chache tu. Nikitoa nozeli iliyokufa na kuiweka chini ya lenzi, ninachokiona ni mistari myembamba kwenye sindano, imechorwa na vumbi lililokuja na dizeli, na pengine doa la kutu lililoachwa na maji ya tangini. Doa hilo ukilipapasa kwa kidole hulisikii. Injini inalisikia: asubuhi inawaka kwa shida, inagonga, inatoa moshi, na nozeli ikimimina bila kukata inaweza kutoboa pistoni.

Juu ya hapo kuna chujio la masizi kwenye ekzosi, DPF. Liliingia kwenye dizeli za Ulaya kwa nguvu na Euro 5, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, kilichoanza 2009 kwa miundo mipya na 2011 kwa magari mapya yote. Chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la takriban nyuzi 600, na linahitaji safari ndefu kiasi bila kusimamasimama. Lilibuniwa kwa ajili ya dizeli ambayo Ulaya tangu 2009 hairuhusiwi kuzidi salfa 10 ppm (sehemu 10 kwa milioni), na kwa oili ya injini isiyoacha majivu mengi. Ukilipa dizeli yenye salfa nyingi, foleni kutwa na oili yoyote iliyopatikana, litaziba. Gari linaacha kuvuta, taa zinawaka, na oili kwenye kijiti inapanda kwa sababu dizeli ya kusafishia chujio inachuruzika hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini.

Watu huniomba nilikate na kulitupa. Sikubali. Masizi hayo yanaishia kwenye vifua vya watu, wakiwemo watoto wa mwenye gari. Anayejua tangu mwanzo kwamba hatapata mafuta safi anunue gari lisilo na kifaa hicho, basi.

Kwa hiyo ulinganisho wangu unakaa hivi. Mafuta yakiwa ya mashaka na fundi wako hana kompyuta ya kupimia, chukua Japani ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini), yenye nozeli za kawaida zinazopuliza petroli kwenye njia ya hewa. Mafuta yakiwa safi, safari zako zikiwa ndefu, na kuna gereji inayojua gari hilo, dizeli ya Ulaya itakubeba kwa raha na kwa lita chache. Petroli ya Ulaya bila tabo ni chaguo la kati ambalo watu hulisahau bure. Na ukiagiza kutoka Uingereza, tumia faida moja kubwa: historia ya ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na kilomita zilizosomwa na kasoro zilizoandikwa, inatazamwa bure mtandaoni kwa namba ya usajili. Gari lililoandikiwa kutu mara tatu mfululizo linakuambia lenyewe. Uingereza nao humwaga chumvi barabarani.

Kuna jambo lisilochagua nchi, nalo ni mifuko ya hewa ya Takata. Mitungi yake ya kujazia hewa ilitumia amonia naitreti, ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali mtungi hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa yarudi yabadilishiwe, na Takata ilifilisika mwaka 2017. Gari lililouzwa nje kabla halijabadilishiwa limebeba kifaa kilekile hadi leo. Chukua namba ya chasisi uitafute kwenye ukurasa wa kiwanda husika. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi, tofauti na zile za tarakimu na herufi 17, kwa hiyo tafuta ukurasa wa Japani wa kampuni hiyo. Fanya hivyo kabla hujalipa, maana hapa tunazungumza uhai wa mtu.

Kipya cha China, hasa lori

Kwa magari madogo ya China sitasema mengi, kwa sababu tofauti kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya mwaka na mwaka, ni kubwa mno. Ninachokiona gereji ni kwamba injini na bodi zimepanda sana ubora. Vinavyochoka mapema ni mpira na plastiki, yaani bushi, sili, mipira ya maji na soketi za nyaya. Pia miundo hubadilishwa haraka, na gari la miaka michache tu linaweza kukosa taa ya nyuma sokoni. Kampuni nyingi za China zilitumia injini za Mitsubishi za familia ya 4G6 zilizotengenezwa Shenyang, na hizo spea zake hazisumbui. Kwa hiyo uliza jina la injini kabla ya kuuliza rangi ya gari.

Lori ndilo linalonipa la kusema. Mtu ana hela ya kununua lori jipya la China au la mtumba la Ulaya, na yote mawili yanabeba tani zilezile kwenye karatasi. Malori mengi mazito ya China yanatokana na teknolojia ya Steyr ya Austria iliyonunuliwa kwa leseni katika miaka ya 1980. Injini yake maarufu, WD615, ina silinda 6 zenye kipenyo cha mm 126 na ujazo wa lita 9.7, na kila silinda ina hedi, yaani kifuniko cha juu, yake peke yake. Lori likichemsha likaunguza gasketi moja, unafungua hedi moja, unaibeba mwenyewe mikononi, unaipima, unabadilisha, unafunga. Nyingine tano huzigusi. Kwa matoleo yenye pampu ya dizeli ya kawaida, kazi hiyo inafanyika pembeni ya barabara bila kompyuta.

Lori la Ulaya la umri wa kati lina chuma bora zaidi. Ekseli, giaboksi na kebini yake vitalizidi lile la China kwa umri, na dereva atashuka hajavunjika mgongo. Lakini breki zake zinasimamiwa na kompyuta, nozeli zake vilevile, na la Euro 5 kwa kawaida linataka AdBlue, maji ya kusafishia moshi yenye urea ya asilimia 32.5. Ukiweka maji ya bomba au urea ya mbolea iliyokorogwa nyumbani, fuwele zinaziba mfumo na injini inapunguziwa nguvu. Nimeyaona malori mazuri ya Ulaya yamesimama muda mrefu kwa sababu ya sensa moja.

Mwenye lori moja anayefanya kazi mbali na mji, namshauri la China lenye pampu ya kawaida, kwa sharti kwamba asilipakie kupita kiasi, kwa maana fremu na springi zake hazina huruma. Mwenye malori kadhaa, gereji yake na njia za lami, achukue ya Ulaya. Hesabu ya kilomita itamrudishia.

Injini ndogo za kusaga na kusukuma maji

Hapa ushindani ni kati ya injini za dizeli za silinda moja za China na zile za India za mtindo wa Lister.

Ya China huijua kwa namba: S195 maana yake silinda 1 ya kipenyo cha mm 95, ZS1115 ni silinda 1 ya mm 115. S195 hutoa nguvu farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Inatengenezwa na viwanda vingi kwa mchoro mmoja, na hilo ni baraka na laana. Baraka ni kwamba pistoni ya kiwanda hiki itaingia kwenye injini ya kiwanda kile. Laana ni kwamba kipimo ni kimoja lakini chuma si kimoja. Nina desturi ya kuipitisha tupa kwenye ukingo wa sleevu mpya, ala ya ndani ya silinda, kabla ya kuifunga. Tupa ikila kwa urahisi namrudishia muuzaji, kwa sababu ringi nazo zitaila hivyohivyo.

Ya India inafuata injini ya Lister CS ya Uingereza iliyoanza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1920: farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika, magurudumu mawili mazito ubavuni. Kwa farasi hao wachache unabeba chuma kingi, na kuihamisha ni kazi ya watu. Lakini mwendo huo wa polepole ndio unaoipa umri. Ukitaka mashine ya kukaa mahali pamoja izunguke kutwa, hii inaishinda ya China kwa mbali.

Ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa. Nyingi huja na mchanga wa kalibu ulioganda ndani ya bloku, ule mchanga ambao chuma kilimiminwa juu yake. Ikiwashwa, joto na mtikisiko huubandua, unaingia kwenye oili, na beringi za konrodi zinakwisha mapema. Kwa hiyo injini mpya kabisa ya aina hii ninaifungua kabla haijawaka. Namwaga oili kwenye beseni, natoa mfuniko wa ubavuni, napitisha kitambaa cheupe kwenye kuta za ndani. Kitambaa kikitoka na chembe zinazokwaruza kati ya vidole, naishusha yote, naisugua kwa brashi ya waya na dizeli, nakausha, ndipo naifunga. Wateja hulalamika: "Mbona unafungua kitu kipya?" Nawaonyesha beseni.

Kwa mwenye kuhama shamba hadi shamba na pampu yake, bado nasema S195. Inabebeka na spea zake zimejaa.

Jenereta: soma kibati

Jenereta mbili zimeandikwa kVA 20. Moja ni nusu ya bei ya nyingine. Tofauti yake huwa imeandikwa kwenye kibati.

kVA si kW; kW ndiyo nguvu halisi ya kufanya kazi. Kwa kawaida unazidisha kwa 0.8, kwa hiyo kVA 20 ni kW 16. Halafu tafuta herufi za kiwango cha ISO 8528. PRP ni nguvu ya kazi ya kila siku, saa bila ukomo, mzigo ukipanda na kushuka kwa wastani usiozidi asilimia 70. ESP ni nguvu ya dharura, isiyozidi saa 200 kwa mwaka. Muuzaji wa bei nafuu huandika namba ya dharura kwa herufi kubwa, na mnunuzi anaitumia kusagia nafaka kutwa. Kama umeme ndio kazi yako, linganisha PRP kwa PRP, na chukua ya mizunguko 1,500 kwa dakika badala ya 3,000; injini ya 3,000 ni nyepesi na rahisi kubeba, ila inachoka mapema.

Kisha koili. Upitishaji umeme wa alumini ni takriban asilimia 61 ya ule wa shaba, kwa hiyo koili za alumini zisizoongezewa unene hupata moto. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu, na jicho litadanganyika. Kwangua ncha ya waya kwa kisu. Rangi nyeupe ikitokea chini ya nyekundu, umepata jibu. Muuzaji asiyekubali ukwangue, mwachie.

Mashine za umeme za mtumba kutoka Japani

Japani ina volti 100 majumbani, na viwandani hutumia sana fezi tatu za volti 200. Zaidi ya hayo, umeme wa mashariki ni 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) na wa magharibi ni 60 Hz, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta za Ujerumani na Osaka ikanunua za Marekani. Mashine iliyotoka Osaka ikichomekwa kwenye 50 Hz, mota inashuka hadi sehemu tano kati ya sita za mwendo wake. Kwa pampu, maji yatapungua kwa kiasi hichohicho, lakini shinikizo litashuka hadi takriban asilimia 69. Pampu iliyokuwa ikifikisha maji kwenye tangi la juu inaweza kuishia njiani. Na ukiilisha volti kubwa kuliko yake, inaungua kabla hujaligundua hilo.

Kwa pampu, basi, nachagua mpya iliyotengenezwa kwa umeme wako, hata kama ni ya China. Kwa mashine ya kukereza vyuma nachagua mtumba wa Japani bila kusita, hata ikibidi kununua inveta ya kuigeuzia umeme, maana chuma cha kutupwa cha mashine ya zamani ni kizito na hakitikisiki, na nyepesi mpya ya bei nafuu inaacha mawimbi kwenye kazi. Kabla ya kulipa, kaza kidogo kibebeo cha kisu kikiwa upande wa mwisho wa reli, halafu kisukume kwa mkono hadi karibu na kichwa kinachoshika kazi. Kikilegea ghafla hapo, reli imelika mahali pale ambapo kazi yote hufanyika, na kuichonga upya ni gharama kubwa. Kikienda kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho, anza kutafuta gari la kuibeba.